Mafaili Niliyoyabatiza

Mie hapa nilipofika hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimepiga picha za video kwenye sherehe miaka kumi na tisa, kuanzia Mbagala mpaka Mwananyamala, na sherehe ndipo watu wanapozivua nguo roho zao. Nimerekodi bwana harusi akipigwa kofi na mama mkwe kabla ya keki. Nimerekodi mke wa kwanza akiingia ukumbini na watoto watatu, kawavalisha sare ya kamati. Kamera yangu haikutikisika hata siku moja.

Na nimefika hapa kwa miguu yangu. Shule niliishia la saba, tena la saba lenyewe nililimaliza kwa kuchungulia dirishani, maana ada ya mitihani haikuwepo. Nikaenda Kurasini kubeba mizigo kwenye yadi za makontena. Miaka sita nilipakua vitu vya matajiri: friji, matairi, mitumba, vigae. Nilikuwa namuambia msimamizi kilichomo ndani ya kontena kabla halijafunguliwa, kwa kupiga bati ngumi na kusikiliza. Watu walikuwa wanashangaa. Hela ya kamera ya kwanza ilitoka kwenye mgongo huu, na leo nina studio yangu Mtoni, chumba kimoja na sehemu ya kupokelea wateja, kiyoyozi kipo, na kodi sijawahi kuchelewesha. Wenye vyeti vya chuo wanakuja kuniuliza mimi.

Walikuwa wanakuja. Siku hizi wamepungua.

Kilichokuwa kinawaleta ni ubatizo. Ngoja nieleze. Kila faili la video lina jina, na mwisho wa jina kuna nukta na herufi chache, kama vile MOV au MP4. Zamani kidogo mteja mmoja aliniletea video za simu, kompyuta ikazigomea. Nikakaa nazo nusu siku. Mwisho nikajisemea, kama kompyuta haitaki MOV, basi tuiambie hii siyo MOV. Nikafuta zile herufi za mwisho, nikaandika MP4. Faili likafunguka, likacheza kama halijawahi kukataa.

Mie nikaona nimegundua siri ya serikali. Nikaiita kubatiza. Fundi mwenzangu wa Temeke akija analia, "Braza, kuna video inanigomea," namjibu, "Ilete ibatizwe." Namfukuza asione ninachofanya, nabadilisha herufi, namuita. Mara nyingi ilikuwa inakubali. Ikikataa nasema faili limekufa, na hakuna aliyewahi kunibishia. Yupo mmoja, kijana wa chuo, aliniambia kwa adabu kabisa, "Mzee, kubadilisha jina siyo kubadilisha faili." Nikamjibu mbele ya wateja, "Mwanangu, we umesoma, mie nimeshiba." Watu wakacheka, naye akaondoka na laptopu yake kwapani.

Mwaka juzi nikanunua kamera kubwa. Mkononi, lakini nzima, ya aina wanayotumia watu wa televisheni. Ilikuwa na matundu mawili ya maiki kubwa, na kwa ndani ilikuwa inarekodi sauti kwenye njia nne kwa mpigo. Muuzaji aliniambia hilo la njia nne. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa sendofu, ile ya kumuaga bibi harusi, ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, binti wa watu wa bara waliohamia Temeke zamani, baba yao alikuwa karani bandarini na ameshafariki. Alikuja studio mwenyewe. Akaniamkia, "Shikamoo." Nikaipokea vizuri, maana wateja wa siku hizi wanakuja na "mambo vipi bosi". Akakaa, akasema ana ombi moja tu.

"Mama yangu anaumwa koo. Sauti imekwenda. Daktari amemkataza kusema kwa nguvu. Lakini anataka kunisemesha siku hiyo, kwa kilugha chetu, mimi na yeye tu, mbele za watu. Hawezi kutumia maiki ya MC. Utaweza kuichukua sauti yake?"

"Mwalimu," nikamwambia, "mie nimechukua sauti ya bibi harusi akinong'ona kwamba hataki kuolewa. Itashindikana ya mama?"

Akacheka. Akaniambia wengine wawili walishamjibu kwamba haiwezekani. Hilo ndilo lililonipa kichwa.

Siku yenyewe nilimpa mwalimu ile maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, akambana mama yake mwenyewe ndani ya kitenge, chini ya kidevu, maana mie mwanaume nisingeweza kupeleka mkono pale. Mama alikuwa amekonda, kilemba kikubwa kuliko kichwa. Wakati ulipofika MC akanyamazisha ukumbi, na DJ, kwa kiherehere chake, akaweka wimbo wa taratibu chini kwa chini. Mama akamshika bintiye mashavu, akasema naye. Dakika nne na kitu. Mwalimu analia tu. Kwenye masikio nilikuwa nimevaa hedifoni, na sauti nilikuwa naisikia, safi, kama mtu anakwaruza karatasi sikioni. Lugha yenyewe siijui. Lakini sauti ilikuwepo. Hilo naweza kuapa hata kaburini.

Kesho yake nikakaa kwenye kompyuta. Mafaili yalikuja na herufi ambazo sijawahi kuziona mwisho wa jina: MXF. Programu yangu ya kueditia, ambayo ni ya zamani na ni ya kuazima kwa njia ninazozijua mwenyewe, ikayakataa yote. Sikuhangaika. Nikabatiza. MXF nikafuta, MP4 nikaandika, faili moja baada ya jingine, yalikuwa ishirini na mbili. Yakaingia, lakini picha ikawa nyeusi tii. Nikabatiza tena, nikayaita MOV. Kijani, kama maji ya mtaro. Nikayaita AVI, kompyuta ikazima.

Mtu mwenye akili hapo angemuuliza mwenzake. Lakini ningemuuliza nani? Wale niliokuwa nawafukuza wasione? Yule kijana wa chuo?

Nikayarudishia MXF yao, nikaingia mtandaoni nikatafuta programu ya kugeuza video, ile ya bure inayojisifu kwamba inafanya kazi kwa bonyezo moja. Na kweli nilibonyeza mara moja. Saa mbili baadaye MXF zote zilikuwa zimekuwa MP4 za kweli, ndogo, nyepesi, picha inang'aa. Nikapiga kofi meza. Nikafungua mbili tatu, nikatazama rangi, nikatazama kama picha inakatikakatika. Haikukatika.

Diski ilikuwa imejaa, na Jumapili nilikuwa na kipaimara Chang'ombe. Nikafuta MXF zote. Kadi ya kamera nikaifomati. Nilifanya hivyo huku napiga mluzi, nakumbuka.

Nilipofika kwenye kipande cha mama nikaona midomo inacheza na sauti hakuna. Kuna wimbo wa DJ, viti vinaburuzwa, vigelegele, mtoto anakohoa. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Viti vikaburuzwa kwa nguvu zaidi. Na hapa ndipo nisipoweza kujisamehe, kwa sababu masikio yangu mwenyewe yalishaisikia ile sauti ukumbini, lakini akili yangu ikasema: mama wa watu hana sauti, maiki imekosa nini? Niliona ni rahisi kumshuku mgonjwa kuliko kujishuku mimi. Nikafanya tunachofanyaga sote: nikaweka kinanda juu yake, nikapunguza mwendo wa picha, nikamwagia maua kwenye kona. Ikapendeza sana. Nilipoitazama nilijisikia uchungu mtamu, nikasema hii wataikumbuka.

Mwalimu alichukua kazi yake, akamalizia malipo, akaniambia ataitazama akitulia, kwa sababu kutoka kwenye sendofu walikwenda moja kwa moja kwenye harusi, na kutoka kwenye harusi mama akalazwa. Wiki ya tatu mama akafariki. Nilipata habari, nikapeleka rambirambi. Nilikaa kwenye turubai na wanaume, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba mie ndiye niliyemrekodi marehemu mara ya mwisho. Wakanipa kiti cha mbele.

Siku kumi baada ya mazishi mwalimu akaja studio. Alisimama mlangoni.

"Kaka, mbona mama haongei?"

"Pole sana, mwalimu. Karibu ukae."

"Nimeitazama mara tatu. Umeweka kinanda. Naomba unitolee kinanda nimsikie mama."

Nikamwambia kwa upole, kama fundi anavyosema na mteja asiyejua, kwamba marehemu alisema chini mno, maiki haikuweza.

"Uliniambia itaweza."

"Mashine nayo ina mwisho wake."

"Ulivaa hedifoni. Nilikuona. Ulinionyesha kidole gumba." Akaingia ndani, akakaa sasa. "Kaka, nisikilize. Siku ile nilikuwa nalia. Sikusikia hata nusu. Nikajisemea, si tatizo, nitasikiliza kwenye video. Nilijiachia kulia kwa sababu yako wewe."

Hilo neno bado liko humu ndani.

Nikamuomba siku mbili. Nikachukua ile kadi, nikachukua diski, nikaenda mjini kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya kompyuta, Mhindi wa madhehebu ya Shia, duka lao ni la babu yake. Tunajuana kwa kununua nyaya. Duka lilikuwa kimya siku hiyo, redio imezimwa, na yeye na mdogo wake wamevaa nyeusi, maana ulikuwa mwezi wao wa maombolezo. Nikamueleza kwa kiburi kidogo, nikamwambia maiki ilileta hitilafu na kadi imenigomea.

Akafungua faili langu la MP4, akaangalia taarifa zake badala ya picha.

"Fundi, hii ulitoa kwenye nini?"

"MXF. Nilibatiza ikakataa, ndio nikageuza na programu."

"Ulifanya nini?"

"Nilibadilisha jina."

Hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Akavuta karatasi ya risiti, akachora sanduku. "Wewe si ulikuwa Kurasini zamani? Basi sikiliza. Faili ni kontena. Hizi herufi za mwisho ni rangi na namba zilizoandikwa ubavuni. Ukipaka rangi nyingine, mzigo wa ndani umebadilika?"

Miaka sita nilikuwa nayagonga makontena kwa ngumi nikijua kilichomo, na hili lilinipita.

"Ndani kuna mzigo wa picha, na kuna mizigo ya sauti. Kila mzigo umefungwa kwa namna yake, hiyo ndiyo kodeki. Kompyuta yako haikujua kuifungua ile namna, ndio maana picha ilikuwa nyeusi. Faili lilikuwa zima kabisa, Fundi. Ungeweka programu mpya tu, au ungeniletea." Akagusa sanduku lake kwa kalamu. "Kamera yako inapakia sauti nne. Ya kwanza ni maiki ya kamera yenyewe. Maiki ya mama uliichomeka wapi?"

"Tundu la pili."

"Hii programu ya bure imeshusha picha, imeshusha sauti ya kwanza, basi. Zile tatu imeziacha ndani ya kontena." Akanitazama. "Kontena liko wapi?"

Nikamwambia.

Alijaribu. Aliichukua kadi, akaisomesha siku nzima na kesho yake. Alipata kipaimara cha Chang'ombe chote, alipata na harusi mbili zilizofuata, zimekaa juu ya ile sendofu kama zege. Ya sendofu alipata sekunde tisa, picha bila sauti, keki. Kwenye diski hakukuwa na kitu, nilikuwa nimeijaza mara mbili tangu siku ile. Nikatoa pochi.

"Weka hela yako," akasema. "Sichukui hela ya kitu ambacho sijakipata."

"Umepoteza siku mbili."

"Mwezi huu nafanya kazi ya namna hii bure. Wewe kampe pole mwenyewe."

Nilikwenda kwa mwalimu na bahasha. Nilihesabu malipo yake yote niliyopokea, nikaongeza laki mbili juu. Mie sina dogo, nikikosa nalipa, na nilitaka aone hivyo. Nilimueleza yote, mpaka la kontena. La ubatizo nililipitia haraka. Alisikiliza akiwa amesimama, mumewe pembeni anatazama chini. Nikanyoosha bahasha.

"Hiyo rudi nayo," akasema.

"Ni haki yako, mwalimu."

"Najua. Lakini nikiipokea tutakuwa tumemalizana." Hakupandisha sauti. "Na mie sitaki tumalizane na wewe."

Nimetukanwa na mabaharia, nimetukanwa na mama wa bibi harusi mlevi. Sijawahi kutukanwa hivi. Mumewe ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Mzee, kuna mama mdogo wake, dada wa marehemu, yuko Kimbiji ana shamba. Lugha ni moja, na wamekua pamoja. Labda akitazama midomo."

Akaja. Alifika studio asubuhi, mama wa miaka sitini na kitu, viatu vina vumbi jekundu, kitambaa cha msiba bado kichwani. Nikamuamkia, akanijibu, "Marahaba, baba," kwa moyo, maana hakuwa ameambiwa vizuri mie ni nani kwenye habari hii. Mwalimu alikuja nyuma yake na daftari, mumewe akabaki mlangoni. Akasema, "Habari yako." Shikamoo ilikuwa imeshaondoka. Nami sikuwa na mdomo wa kuidai.

Nilitega kamera kubwa na maiki, nimrekodi mama mdogo akitamka maneno, halafu niyaweke chini ya picha. Nilikuwa nimepanga vizuri. Mwalimu akaweka simu yake mezani.

"Zima hiyo. Nitarekodi mwenyewe."

Nikazima. Kazi yangu ikawa kubonyeza, kusimamisha, kurudisha nyuma. Nilikuwa nimekitoa kinanda, nimetoa na maua. Mama mdogo alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mwanzo alimgusa dada yake kwenye kioo, nikaacha. Halafu akaanza kusema kilugha, polepole, halafu Kiswahili kwa ajili ya mkwewe aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Anasema, ukichoka sema umechoka. Usijifanye huchoki kama mimi... Rudisha baba... Anasema lile shuka la bluu ni la baba yenu, usimpe mtu, hata akiomba vizuri." Mwalimu akacheka na kulia kwa pamoja. "Hapa anakutania. Anasema wali wako mbichi, mumeo ajue mapema." Mumewe mlangoni akasema, "Nimeshajua, mama," na sote tukacheka, hata mie, kwa sekunde moja nikasahau nilipo.

Tulienda hivyo dakika tatu za video kwa saa nzima. Pengine alikuwa anasema, "Hapa sijui, ameinama." Mwalimu anaacha mstari mtupu kwenye daftari. Halafu mama mdogo akainua mkono.

"Sasa anasema, 'Haya, nisikilize vizuri, mwanangu, hili ndilo nililokuitia.'"

Na picha ikahama.

Nilijua inakuja, nilikuwa nimeitazama mara ngapi. Mjomba mmoja alikuwa ameinuka kwenye meza ya kamati, anakuja anacheza, kashika noti kama karata, na mie miaka kumi na tisa nimejifundisha kwamba mwenye kutunza lazima aonekane, la sivyo balaa. Kamera ikamfuata vizuri, bila kutikisika. Ikamzunguka, ikaonyesha noti, ikaonyesha viatu. Iliporudi, mama alikuwa anamfuta bintiye machozi na mdomo umefungwa.

"Baba, rudisha," mama mdogo akasema.

Nikarudisha. Mjomba akacheza.

"Huyu siye. Nionyeshe dada."

"Mama, hapa nilimfuata mwenye kutunza."

Akageuka akanitazama, na nadhani ndipo alipofahamu mie ni nani. Mwalimu alifunga daftari, akachukua simu yake mezani, akaizima, akatoka nje na mumewe.

Mama mdogo alibaki anafunga kitambaa. Nikaona nafasi yangu. Nikatoa ile bahasha, ilikuwa bado na hela zote, nikamuwekea mezani na kumwambia ni sadaka, ya marehemu, ya shamba, ya chochote. Akaisukuma kwa kidole kimoja, kama mtu anasogeza sahani isiyo yake.

"Nauli tu," akasema. "Kuja nilikopa kwa jirani, ya kurudi sina."

Nikampa noti ya elfu kumi. Akakaa chini tena, akahesabu kwa sauti: gari la Kimbiji mpaka Feri elfu mbili, pantoni mia mbili, gari la kuja Mtoni mia sita, halafu mara mbili. Akafungua fundo la khanga, akatoa sarafu na noti zilizokunjwa, akanirudishia chenji yangu mkononi, elfu nne na mia nne, akaniangalia nikizihesabu.

Kwa hiyo nikiulizwa sauti ya yule mama ilinigharimu kiasi gani, jibu ninalo kamili, maana hakuna mwingine aliyekubali kupokea: shilingi elfu tano na mia sita.